Kutu Chini ya Rangi Mpya: Kisa cha Chesisi ya Pikapu ya Kubebea Samaki, Tanga

Pikapu hii haikuletwa gereji kwa sababu ya kutu. Mwenyewe, mzee anayenunua samaki pale soko la Deep Sea, Tanga, na kuwapeleka Korogwe na Lushoto kwa njia ya Muheza na Segera, alikuwa na malalamiko mawili tu: gari likishapakiwa mzigo hulala upande wa kulia, na likipita kwenye matuta husikika mlio kama wa mlango wa mbao usiokaa sawa kwenye bawaba. Alikuwa ameshabadilisha springi za nyuma na bushi zake, yaani mipira ya kwenye maungio, na mlio haukukoma. Tulipolipandisha kwenye stendi na kuingia chini tulikuta chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, nyeusi tii, inang'aa, bila hata doa la wekundu. Mzee akainama, akachungulia na kusema, "Fundi, huku usihangaike, nimepakisha rangi ya kutu mara mbili ndani ya miaka mitatu." Alikuwa anasema kweli. Chesisi ilikuwa imepakwa, na ninaandika kisa hiki kwa sababu naamini upakaji ule uliharakisha kifo chake.

Kipimo cha kwanza kilikuwa nyundo ndogo. Chuma kizima kikigongwa hulia kama kengele na nyundo huruka kurudi mkononi, ilhali chuma kilicholiwa hutoa sauti ya "bu", kama vile umegonga gunia la mchanga, na nyundo hubaki pale pale. Tulianza mbele, chini ya injini, tukagonga kila nusu shubiri kuelekea nyuma. Boriti ya kushoto ililia vizuri mpaka mwisho. Ya kulia ililia mpaka usawa wa ekseli ya nyuma, kisha ikanyamaza kwa urefu wa sentimita arobaini hivi, mbele ya mahali kishikio cha springi kilipoungwa. Kijana wa gereji akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye rangi ile nzuri na kusukuma kwa kiganja, nayo ikazama hadi nusu ya urefu wake. Alipoichomoa ilitoka na magamba ya kahawia yaliyolowa, mfano wa majani ya chai yaliyobaki kwenye birika.

Chesisi ya gari la aina hii ni boriti mbili ndefu zenye umbo la boksi, yaani chuma kilichofungwa pande zote nne, zikiunganishwa na vyuma vya kukatiza. Nguvu yake inatokana na kufungwa huko, na ugumu wa kuitunza unatokana na jambo hilo hilo, kwa kuwa uso wa ndani ni mpana karibu sawa na ule wa nje lakini hauonekani na hakuna mkono unaoufikia. Tulipitisha kamera ndogo ya waya, ile inayounganishwa na simu, kwenye tundu la kiwandani lililo ubavuni mwa boriti. Upande wa kushoto kulikuwa na kutu ya juu juu tu, ya rangi ya chungwa, kama vumbi. Upande wa kulia kamera ilikuta kilima kidogo cha tope na kutu kilichojaa karibu theluthi ya boksi, kimelowa, na katikati yake kitu kilichometameta kila taa ilipokipiga. Lilikuwa gamba la samaki.

Gamba lile lilitueleza njia ambayo maji yalikuwa yamepita. Kasha kubwa la kubebea samaki na barafu lilikuwa na kizibo cha kutolea maji upande wa kulia, na maji ya barafu iliyoyeyuka, yakiwa yamechanganyika na maji ya bahari na ute wa samaki, yalimwagika kwenye sakafu ya bodi ya nyuma, yakapenya kwenye upenyo wa kona na kudondokea mgongoni mwa boriti. Mgongoni hapo kuna matundu ya kiwandani, mengine ya boliti za bodi na mengine ya kupitishia nyaya, na kila safari yalipokea kikombe au viwili vya maji ya chumvi. Wengi wetu tunapozungumzia kutu ya pwani tunafikiria upepo wa bahari na mawimbi yanayopiga barabara. Katika gari hili bahari ilikuwa inapanda garini ndani ya kasha, mara nne kwa wiki, na kusafirishwa mpaka milimani.

Inafaa kueleza kwa nini chumvi inaharibu kiasi hiki, maana mafundi wengi wanaamini kwamba gari likikauka hatari imekwisha. Chuma hushika kutu kikikutana na maji na oksijeni kwa pamoja, na chumvi huwezesha umeme mdogo wa kikemia kupita ndani ya maji hayo kwa wepesi zaidi, hivyo kutu hukimbia badala ya kutembea. Zaidi ya hapo, chumvi ya kawaida hunywa unyevu wa hewa: unyevunyevu ukivuka takriban asilimia 75, chembe ya chumvi iliyo kavu huanza kuyeyuka yenyewe na kuwa tone la maji. Hewa ya Tanga huvuka kiwango hicho karibu kila usiku wa mwaka. Kwa hiyo chuma chenye chumvi kinaweza kuwa kikavu saa nane mchana na kimelowa saa nane usiku bila tone la mvua kuanguka, tena ndani ya boksi, ambako hakuna jua wala upepo, hata mchana hakikauki sawasawa. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, nayo huvimba, hujitenga kwa matabaka na kushika maji kama sifongo.

Baada ya hapo tulitafuta matundu ya chini ya boriti. Viwanda huyaacha makusudi, kwanza ili rangi ya kuzamisha iingie na kutoka chesisi inapopakwa, na baadaye ili maji yoyote yatakayoingia yapate pa kutokea. Katika eneo lililooza yalipaswa kuwa manne. Tuliona moja. Mengine matatu yalikuwa yamezibwa na ile rangi nzito ya lami ambayo mzee aliilipia mara mbili, na tulipoyadunga kwa bisibisi, vizibo vyenyewe vilitoka vizima, vyeusi, kama vizibo vya chupa, na nyuma yake yakafuata maji ya kahawia yaliyotosha kujaza nusu ya kikombe. Gari lilikuwa limeegeshwa siku tatu bila kazi.

Mpakaji wa awali hakuwa mzembe kwa jinsi kazi hii inavyofanywa katika gereji nyingi. Aliliosha gari, akalipulizia chini mpaka kila kinachoonekana kikawa cheusi, na akamkabidhi mwenyewe kazi inayopendeza. Tatizo ni kwamba bunduki ya kupulizia huona kile macho yanachoona, nayo sehemu zinazooza kwanza ni zile zisizoonekana: ndani ya boksi, mgongo wa boriti chini ya bodi, nyuma ya vishikio vya springi, juu ya tangi la mafuta, na pale bamba moja lilipolazwa juu ya jingine. Lami nayo ina tabia yake. Ikiwa mpya ni kinga nzuri dhidi ya kokoto, ila ikizeeka hupasuka nyufa nyembamba, maji ya chumvi huingia nyuma yake, na kuanzia hapo humlinda adui dhidi ya jua.

Nje ya nchi jambo hili limefika mahakamani. Mwezi Novemba 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kumaliza kesi ya wamiliki wa magari yake ya Tacoma, Tundra na Sequoia waliodai kwamba chesisi za magari yao hazikukingwa vya kutosha dhidi ya kutu. Makubaliano yaligusa magari yapatayo milioni 1.5, na thamani yake ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Huko chumvi hutoka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Ninalitaja kwa sababu moja ya kivitendo: magari mengi tunayonunua yakiwa yametumika huko Japani yanaweza kuwa yalipita kwenye barabara za aina hiyo kabla hayajapanda meli, na mnunuzi anayekagua rangi ya bodi pekee anakagua upande usiohusika.

Kuhusu matengenezo ya chuma nitapita haraka. Tangi la mafuta lilishushwa na kuwekwa mbali, betri ikaondolewa, bodi ya nyuma ikafunguliwa boliti na kunyanyuliwa, kisha fundi wa kuchomelea akakata kipande kilichooza mpaka akafika kwenye chuma kinacholia, akajenga upya kwa bamba la unene uleule. Upande wa ndani wa bamba jipya ulipakwa praima ya epoksi, yaani rangi ngumu ya msingi, kabla ya kufungwa, tukiacha sentimita tatu bila rangi pembezoni, kwa kuwa moto wa kuchomelea ungeiunguza. Uchomeleaji wote lazima umalizike kabla kinga yoyote ya ndani haijapulizwa. Anayechomelea boksi lililokwisha kutiwa nta au oili anachezea moto kwa maana halisi ya neno, na hata akisalimika, joto litakuwa limeshaichoma kinga aliyoilipia.

Kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa kuosha. Tulikwangua kile kilima cha tope kwa waya uliokunjwa ncha, tukavuta kilichovutika kwa mashine ya kunyonya vumbi, kisha tukaingiza mpira mwembamba wa maji baridi yasiyo na chumvi ndani ya kila boriti na kuacha yatiririke kuelekea chini, gari likiwa limenyanyuliwa mbele. Maji yalitoka mekundu, baadaye ya rangi ya chai, hatimaye meupe, na tulipoona meupe tulidhani tumemaliza. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapanda, tulipapasa kipande cha mgongo wa boriti tulichokuwa tumekisugua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa. Sehemu kubwa ilikuwa kavu, lakini palikuwa na vidoa vyeusi vilivyolowa, vya ukubwa wa punje ya mtama, vikiwa vimetapakaa pale tu kutu ilipokuwa imechimba vishimo. Hiyo ni chumvi iliyobaki chini ya vishimo ikinywa hewa ya usiku. Tulirudia kuosha mara mbili zaidi, kwa siku mbili, mpaka asubuhi moja vidoa havikutokea. Sijaona kipimo cha gereji kilicho rahisi kuliko hiki, nacho hakihitaji kifaa chochote isipokuwa subira ya usiku mmoja.

Kukausha kulitegemea majira. Ilikuwa mwezi Februari, kaskazi inavuma, na tulipuliza hewa ya kompresa ndani ya boriti asubuhi na jioni kwa siku mbili, tukikumbuka kumwaga kwanza maji yaliyojikusanya ndani ya mtungi wa kompresa yenyewe, kwa sababu kompresa ya pwani isiyomwagwa maji hupuliza mvua. Gari hili lingefika wakati wa masika ningemshauri mzee asubiri.

Kwa sehemu za nje zisizofikika kwa urahisi tulitumia rangi, na kwa sehemu za ndani tukatumia nta ya kuzuia kutu. Uamuzi huu hubishaniwa sana, kwa hiyo nitaueleza. Rangi inahitaji uso mgumu wa kushikamana nao, na ndani ya boksi hakuna namna ya kukwangua kutu yote. Rangi ngumu ikipuliziwa juu ya kutu legevu hukauka ikiwa imeshikana na kutu, wala si na chuma, na magamba yakianguka huondoka nayo. Aidha, rangi yenye thina ndani ya boksi lililofungwa hukawia sana kukauka. Nta ya kazi hii huwa nyepesi inapopulizwa, hupenya kati ya matabaka ya kutu na kuingia kwenye maungio, kisha thina yake ikiruka hubaki kama mafuta mazito yasiyopasuka. Haipendezi kuiangalia na haiwezi kuvumilia kokoto, lakini ndani ya boksi hakuna anayeiangalia wala kokoto inayoipiga.

Mgongo wa boriti ulikuwa rahisi kwa sababu bodi ilikuwa imenyanyuliwa, ila sehemu iliyo chini ya kabini ilibaki na upenyo wa vidole viwili tu. Hapo brashi haigeuki. Tulichukua ukanda wa shuka kuukuu wenye upana wa boriti, tukaupitisha juu yake kwa waya, tukaulowesha praima ya epoksi, na vijana wawili wakasimama kila mmoja upande wake, wakiuvuta huku na huku jinsi mng'arisha viatu anavyovuta kitambaa juu ya ncha ya kiatu, wakisogea kidogo kidogo kuelekea mbele. Ukanda ulitumika kwanza ukiwa mkavu, ukiwa umefungwa juu ya msasa, ndipo ukaja wa rangi. Nyuma ya vishikio vya springi tulivaa glavu ya mpira na juu yake soksi ya pamba, tukaichovya kwenye rangi na kupaka kwa kupapasa, huku kioo kidogo cha mkononi kikionyesha palipobaki. Kingo, mistari ya kuchomelea na midomo ya matundu ilipakwa kwa brashi ndogo kabla ya kila kitu kingine, maana rangi ikiwa bado mbichi hujivuta kukimbia ncha kali, na kutu ya kwanza kurudi siku zote huanzia ukingoni. Kazi yote ilifanywa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Kabla ya hapo chuma cha pwani hutoa jasho lisiloonekana, na kanuni inayofuatwa na wapaka chuma ni kwamba joto la chuma lizidi walau kwa nyuzi 3 za Selsiasi lile ambalo umande hutunga.

Kwa ndani tulitengeneza mrija wetu kutokana na paipu ya nailoni ya milimita 6, ya aina inayotumika kwenye breki za upepo za malori. Ncha ilizibwa kwa ribiti, na karibu na ncha yakatobolewa matundu madogo kuizunguka paipu, ili nta itoke pande zote badala ya kwenda mbele. Kila sentimita kumi tulifunga utepe mweupe. Mrija huingizwa mpaka mwisho kwanza, bunduki hufunguliwa, halafu unavutwa kurudi polepole, utepe mmoja kwa kila hesabu. Mara ya kwanza tuliharibu. Kijana alivuta kwa haraka kwa kuogopa kumaliza nta, na kamera ikaonyesha ubavu wa juu wa boksi ukiwa na mistari kama ya punda milia, chuma kitupu kati ya michirizi. Tulirudia tukiwa tumeliweka kopo la nta ndani ya ndoo ya maji ya moto ili ilegee, tukavuta mara mbili kwa kila tundu, mara moja kutoka mbele na mara moja kutoka nyuma. Bushi za mpira, paipu za breki na eneo la ekzosi vilikuwa vimefungwa kwa mifuko na karatasi. Maboksi yaliyokunjuliwa yalitandazwa chini, na gari likaachwa lidondoshe usiku kucha. Asubuhi kila tundu la kutolea maji, yote manne pamoja na yale ya boriti ya kushoto, lilipitishwa spoku ya baiskeli ili kuhakikisha nta haijafanya kile ambacho lami ilifanya.

Mzee aliuliza kwa nini tusitumie oili chafu, kama afanyavyo jirani yake. Swali ni la haki, kwa sababu oili hupenya vizuri na haigharimu kitu. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ina masizi na asidi, huvimbisha mpira wa bushi, hudondokea uani na kuingia ardhini, na ikikutana na maji ya kuoshea gari kila siku huondoka baada ya wiki chache. Kwa trela la mkulima huko bara pengine ningenyamaza. Kwa gari linaloshinda na maji ya bahari na kubeba chakula cha watu sikukubali.

Kabla hatujamkabidhi gari tulinunua mpira wa kumwagilia bustani wa shilingi elfu chache, tukaufunga kwenye kizibo cha kasha na kuupitisha nyuma ya bamba la namba ili maji ya barafu yamwagike barabarani bila kugusa chesisi. Katika hesabu yangu mpira huo una thamani kuliko nta yote. Tulimwomba pia, kila Jumapili, apitishe maji baridi kwenye matundu ya mgongoni mwa boriti na kuhakikisha yanatoka chini.

Gari lilirudi baada ya miezi kumi na minne kwa shughuli ya klachi, nasi tukapata nafasi ya kuingiza kamera tena. Ndani ya boriti ya kulia nta ilikuwa bado imeshika, imekusanya vumbi na kuwa ya kijivu, na chini hapakuwa na tope. Mgongo wa boriti chini ya kabini, uliopakwa kwa ukanda wa shuka, ulikuwa mzima. Sehemu moja ilishindwa: pale ambapo bamba la kuimarisha la kiwandani limelazwa juu ya boriti karibu na kishikio cha springi cha mbele, mstari mwembamba wa kutu ulikuwa unachuruzika kutoka katikati ya mabamba mawili, na ukingo wa bamba ulikuwa umeinuka kiasi cha kupitisha wembe. Tulipitisha wembe, tukapuliza hewa, tukaingiza nta iliyopashwa moto kwa sindano ya kuchanjia ng'ombe mpaka ikatokea upande wa pili. Tumeandika alama ya chokaa hapo, na mzee ameahidi kulileta gari kabla ya masika.